"Ni krimu tu, daktari"

Juzi nimeisikia tena. Mbwa dume wa miaka 6 kaletwa kliniki, tumbo limening'inia kama la jike mwenye mimba. Anahema hata asubuhi pakiwa na baridi, anaiba pumba za kuku, na usiku anakojoa sebuleni, yeye ambaye hakuwa na tabia hiyo. Manyoya ya mgongoni yaliyonyolewa miezi 3 nyuma hayajaota. Anatumia dawa gani, mama? "Hatumii dawa, daktari. Ni krimu tu."

Tyubu ikatoka mkobani: betamethasoni, ambayo ni steroidi ya kutuliza uvimbe na muwasho, iliyochanganywa na klotrimazoli ya fangasi na gentamisini ya bakteria. Hiyo ilikuwa ya tano, na dalili zile zote ni za steroidi kuzidi mwilini.

Hilo neno "tu" ndilo linalonipandisha presha. Tabaka la juu la ngozi ya mbwa ni jembamba kuliko letu, seli 3 hadi 5 kwa unene, sisi tuna 10 na zaidi. Tena hakuna anayempaka mbwa mahali pazima. Anapakwa kinenani, kwapani, penye wekundu na michubuko, yaani pale pale dawa inapopenya kirahisi. Halafu kuna ulimi. Mpake mbwa kitu chochote, geuka ufunge mfuniko, ukirudi ameshajisafisha. Kiasi gani kilipita ngozini na kiasi gani kilimezwa siwezi kukutenganishia. Tezi za adrenali, zile zinazoutengenezea mwili steroidi yake wenyewe, hazijali kimepita njia gani: zikiona steroidi ya bure kila siku, zinalala.

Na hapa ndipo watu huniumiza kichwa mara ya pili. Wakishaogopa wanatupa tyubu jalalani siku hiyo hiyo. Tezi bado zimelala, steroidi ya nje imekatika. Siku chache baadaye mbwa anatapika, analegea, anaweza kuanguka. Dawa hupunguzwa polepole. Kwa ratiba gani? Kitabu kinasema pima kortisoli, steroidi ya tezi zenyewe, kabla na baada ya sindano ya ACTH, homoni inayoziamsha. Kwangu sindano hiyo hupatikana kwa nadra, na bei yake humkimbiza mteja. Kwa hiyo, niseme ukweli, ratiba ninazoandika ni makisio ya mtu mzoefu, na huwa namtazama mbwa kuliko ninavyoitazama karatasi yangu.

Matone ya masikio yenye deksamethasoni nayo ni steroidi, nayo hulaza tezi. Hakuna mteja aliyewahi kunitajia matone nilipouliza habari za dawa.

Jichoni usipake kabisa. Konea, kile kioo cha mbele cha jicho, ikiwa na kidonda, steroidi huzuia kisipone, na jicho linaweza kutoboka. Basi.

Kinachonikera zaidi ni ule ushindi wa siku 3. Mbwa ana demodeksi, wadudu wadogo wa ngozini wasioonekana kwa macho, au fangasi, anapakwa, wekundu unatulia, muwasho unakwisha, jirani anaambiwa dawa ni kiboko. Chini yake kinga ya ngozi imezimwa na wale wadudu wanazaliana kwa raha zao. Mwezi ukipita upara wa ukubwa wa shilingi umekuwa wa ukubwa wa sahani. Kukwangua ngozi na kuangalia kwenye hadubini ni kazi ya dakika 10. Nafanya kabla sijaandika steroidi yoyote, hata mteja akinuna.

Maana naziandika. Kuna dawa ya kupuliza ya haidrokotisoni aseponati inayovunjwavunjwa ndani ya ngozi yenyewe kabla haijafika mbali, na kwa muwasho wa mzio, kwa siku 7, naipenda sana. Sina ugomvi na steroidi. Nina ugomvi na tyubu ya tano.

Tulipomaliza kupanga ratiba, yule mama akaniuliza kama na yeye aache kujipaka ile krimu mikononi, maana jioni wakikaa kutazama taarifa ya habari mbwa huwa anamlamba. Miaka yote hii sijawahi kumwuliza mteja yeye mwenyewe anajipaka nini.