Je, wajua weusi wa bunduki ni kutu?

Jirani yetu mmoja hapa South B, mtaa wa Nairobi, mzee mstaafu, ana bunduki ya mitutu miwili aliyorithi kwa baba yake. Cheti anacho. Tangu uwindaji upigwe marufuku nchini mwaka 1977, bunduki hiyo haina kazi ila kukaa ndani ya sefu na kutolewa mara mojamoja ipanguswe. Pale mkono wa kushoto unaposhika, weusi umetoka kabisa, chuma kimebaki cheupe kama kijiko. Siku moja akaniuliza, "Kijana, hii si ninunue kopo la rangi nyeusi nipulize tu yaishe?"

Nikamwambia, "Mzee, ule weusi haukuwa rangi hata siku moja. Ilikuwa kutu."

Alinitazama kama anayedanganywa, na simlaumu. Kutu tunayoijua sote ni ile nyekundu, inayotafuna mabati na milango ya matatu. Ubaya wake ni kwamba hufura. Chuma kikishika kutu nyekundu, kutu hiyo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo hupasuka, hubanduka magamba, na chini yake maji na hewa huendelea kula. Lakini iko kutu nyingine, nyeusi, iliyoundwa na chuma kilekile na oksijeni ileile kwa kipimo tofauti. Hii haibanduki ovyo. Hulala juu ya chuma kama ngozi, nyembamba mno, na vitundu vyake vidogo hunyonya mafuta na kuyashika. Walichofanya mafundi wa zamani ni kuikubali kutu nyekundu ije, kisha kuigeuza kuwa nyeusi. Na chombo cha kuigeuza ni maji yanayochemka tu.

Bunduki ya watu sikuithubutu, nikajaribia panga langu kuukuu. Nililisugua kwa msasa mpaka likang'aa, nikaliosha kwa sabuni na maji moto, na baada ya hapo sikuligusa tena kwa mkono mtupu, maana alama ya kidole ina mafuta, na mahali penye mafuta kutu haishiki sawa. Nikalipaka siki yenye chumvi kidogo, nikalining'iniza bafuni usiku kucha. Asubuhi lilikuwa na vumbi jekundu kama barabara ya mashambani. Nikalitumbukiza kwenye sufuria pana ya maji ya mvua yanayotokota. (Maji ya kisima yana chumvichumvi za ardhini, huacha madoa.) Hapa Nairobi, kwa sababu ya mwinuko, maji huchemka yakiwa kwenye nyuzi 94 au 95 hivi, hayafiki 100, lakini kazi inafanyika. Baada ya robo saa ule wekundu uligeuka mweusi mbele ya macho yangu, laini kama mahameli. Ukilisugua na waya laini wa kusugulia sufuria, masizi ya juu yanatoka, unabaki weusi hafifu wa kijivu. Unarudia. Mara ya kwanza inakatisha tamaa; kwenye mara ya nne au ya tano ndipo panga lilipokuwa na weusi wenye kina. Mwisho ni mafuta, mengi, na kuliacha lilale.

Aliyewahi kumenya ndizi mbichi ameona jambo la karibu na hilo: kisu kinakuwa cheusi, na mikono pia. Hapo si kutu, ni ule ukakasi wa ndizi unaoshikana na chuma. Chai ya rangi iliyokolea hufanya vivyo hivyo, na mchanganyiko wa namna hiyo ndio uliotumiwa kwa karne nyingi kutengenezea wino.

Mbona basi bunduki nyingine zina mng'ao wa buluu? Nenda Kamukunji, kwa mafundi chuma wa jua kali hapa Nairobi, utazame fundi akitia moto patasi. Chuma kilichosuguliwa kikipata joto, kwanza huwa na rangi ya majani makavu, karibu nyuzi 220, halafu zambarau, halafu karibu na nyuzi 300 huwa buluu kabisa. Hakuna rangi iliyopakwa pale. Ni utando mwembamba unaochezea mwanga, kama mafuta ya gari juu ya dimbwi.

Viwandani siku hizi hawana subira ya sufuria. Huchovya chuma kwenye magadi makali ya kutengenezea sabuni yaliyochanganywa na chumvi nyingine, yakiwa kwenye nyuzi 140 hivi. Tone la maji likiingia humo ghafla, mchanganyiko unaruka usoni. Hiyo si kazi ya jikoni kwa mtu yeyote. Na kwa bunduki ya mzee ingekuwa maafa zaidi: mitutu miwili ya zamani mara nyingi imeunganishwa kwa risasi ya kulehemu (ile metali laini, si risasi ya kufyatuliwa), na yale magadi huila, mitutu ikaachana.

Sasa, rangi ya kopo. Shida yake ya kwanza ni mafuta. Bunduki ya miaka hamsini imekunywa mafuta mpaka kwenye kila mwanya, na rangi haishiki juu ya mafuta. Ya pili ni unene: sehemu zinazopishana kwa karibu zikipata rangi zinakwama. Ya tatu kila mwenye geti anaijua. Rangi ikichunwa mahali padogo, kutu huingia chini yake na kutambaa bila kuonekana, mpaka siku moja inafura kama lengelenge. Wanaopaka bunduki rangi kitaalamu huuondoa weusi wote, hupuliza chuma kwa mchanga kikwaruzike, kisha huoka rangi ndani ya oveni. Kichekesho ni kwamba ile rangi nyekundu ya kwanza tunayopaka mageti kuzuia kutu, wekundu wake ni kutu iliyosagwa.

Jambo lililonitia wasiwasi zaidi kwa mzee lilikuwa msasa. Namba iliyochongwa kwenye chuma ndiyo inayotambulisha bunduki yake, na msasa haujui kusoma. Ukisugua kwa pupa, namba inafifia, na siku ya kukaguliwa utaeleza nini? Nilimshauri aipeleke kwa fundi mwenye kibali cha kushika silaha, amwambie anataka weusi wa kuchemsha, asikubali wa magadi.

Akasema atafikiria. Kisha akaomba aazime lile panga alitazame vizuri kwenye jua, na mpaka leo hajalirudisha.