Punguza viboksi, punguza viboksi… jamani, modeli ya bahari haiendi hivyo

Wiki iliyopita nimeletewa tena. Kijana wa chuo, mpole, ana heshima zake, kafungua laptopu mezani kwangu anionyeshe modeli yake ya mkondo wa bahari kuanzia Shimoni mpaka Kilifi (kompyuta inagawa bahari viboksi viboksi, ndo hiyo gridi, inahesabu maji yanavyokwenda katika kila kimoja), rangi zimekoza, mishale imejaa hadi maji yenyewe huyaoni, na swali lake ni lile lile nililoulizwa na mshauri wa mazingira mwezi uliopita na mwenye hoteli wa Bamburi mwaka jana: "Mwalimu, nikipunguza gridi kutoka kilomita 1 hadi mita 100 itakuwa sahihi, sivyo?"

Sivyo.

Hii dhana kwamba boksi likiwa dogo ndo bahari inakuwa ya kweli imenichosha wallahi, manake kila mtu anaijua rezolusheni kutokana na kamera ya simu na anadhani modeli nayo inapiga picha. Modeli haipigi picha. Inapiga hesabu, na hesabu inataka kulishwa. Nikamuuliza, kina cha bahari umekitoa wapi? GEBCO, ile ramani ya sakafu ya bahari za dunia nzima. Sawa, ni nzuri na ni ya bure, lakini nukta moja hadi nyingine ni karibu mita 460, na si kila nukta ilipimwa na meli, nyingi ni makadirio. Sasa mita 460 umezigawa kwa viboksi vya mita 100, umepata nini? Umekata mkate wa mofa vipande ishirini, mkate ni ule ule. Upepo je? ERA5, data ya hali ya hewa ya dunia nzima, boksi moja kama kilomita 30, yaani linameza kutoka Likoni mpaka kupita Mtwapa, ule upepo wa bahari unaoanza Nyali mchana jua likishapanda humo ndani unapotea. Na kule nje mpakani mwa modeli yake, maji yanakoingilia, kachukua namba za modeli ya dunia nzima, boksi kilomita 9.

Gharama nayo watu hawaihesabu. Boksi ukilipunguza upana mara 10 unapata viboksi mara 100, halafu hatua ya muda, yaani kila baada ya sekunde ngapi inahesabu upya, lazima nayo ipungue mara 10, kwa sababu wimbi likiruka boksi zima ndani ya hatua moja modeli inalipuka, namba zinapanda ovyo (hiyo kanuni ni ya 1928, ya Courant na wenzake wawili, hata kompyuta hazijazaliwa). Piga hesabu, ni mara 1,000. Kazi iliyomchukua siku moja sasa inataka miaka miwili na miezi karibu tisa. Atazeeka chuoni na faili halijaisha.

Halafu kuna ugonjwa ambao hawa wapenzi wa viboksi hata hawaujui. Rafu ya bara, ile sakafu ya maji mafupi kabla ya kilindi, hapa Mombasa ni nyembamba, ukivuka mwamba ni kilomita chache tu sakafu inatumbukia mamia ya mita, si kama ghuba ya Ungwana ambako inatanuka makumi ya kilomita. Programu kama ROMS inapanga matabaka yake ya maji kwa kufuata sakafu, sakafu ikipanda yanapanda, ikishuka yanashuka. Kwenye maji mafupi raha tupu. Kwenye mteremko mkali, modeli ikitaka kujua presha ya boksi hili na la jirani zinatofautiana vipi, inatoa namba kubwa mbili zinazokaribiana sana, na kile kikosa kidogo kinachobaki kinageuka mkondo. Mkondo wa uongo, una mishale na rangi kama wa kweli. Viboksi vidogo vinapunguza hilo kosa kidogo, nakubali, lakini ukishaweka ramani ya sakafu yenye miteremko mikali zaidi unarudi pale pale, usipoilainisha.

Ndo maana kila anayekuja kwangu namlazimisha kwanza afanye jaribio la bahari iliyolala. Toa upepo, toa maji kujaa na kupwa, toa mito, weka maji ya joto juu na ya baridi chini, sawasawa kila mahali, iache siku 10. Bahari hiyo haina sababu ya kusogea hata ukucha. Ya kijana wangu tulipoifungua ilikuwa inakimbia sentimita 15 kwa sekunde kwenye ukingo nje ya Nyali. Akanyamaza, akakuza ile picha, akaipunguza, akaikuza tena. "Sasa mwalimu, ule mkondo nilioueleza sura ya nne…?" Nikamwambia kunywa chai kwanza.

Sisemi udogo hauna kazi. Kwenye gridi yake ya kilomita 1 mlango wa Likoni, ambao ni kama nusu kilomita tu, ulizibwa kabisa, Mombasa imeungana na Likoni, feri hazina kazi tena, na Kilindini imekuwa dimbwi lisilojaa wala kupwa! Hapo ndo unataka viboksi vidogo, tena afadhali vya pembetatu kama programu ya FVCOM inavyofanya, vidogo mlangoni na vikubwa baharini, ili usilipie maji usiyoyahitaji. Lakini kina cha ule mlango ukijue kwa kupima, usikikisie.

Dhana nyingine: upepo wa kaskazi ukivuma, maji nayo yanakwenda kusini. Hapana, siyo hapa kwetu. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki unakwenda kaskazini mwaka mzima, wakati wa kusi unakaza na kuunga moja kwa moja hadi Somalia, wakati wa kaskazi unalegea lakini kwa kawaida haugeuki mbele ya Mombasa, unakwenda kukutana na ule wa Somalia unaoshuka huko juu, kisha yote miwili inageuka mashariki. Maji haya yanatoka mbali, yanavuka Bahari ya Hindi, yanapita ncha ya kaskazini ya Madagascar, yanagonga bara karibu na Cape Delgado. Kwa hiyo ukifunga mipaka ya modeli ukaacha upepo peke yake usukume, Januari yako itakwenda kusini hata kwa viboksi vya mita 10. Nimeiona hiyo zaidi ya mara moja. Ami yangu kavua maisha yake yote, modeli hajui ni nini, lakini boya likimkatikia nje ya mwamba Januari haendi kulitafuta Diani.

"Grafu yangu imelingana na maji kujaa na kupwa ya Kilindini, kwa hiyo modeli iko sawa." Aa-aa. Usawa wa maji ndo mtihani rahisi kuliko yote, bamvu letu kubwa linakaribia mita 4, maji yanajaa kila saa 12 na dakika 25, hata modeli mbovu inayapata. Mkondo ni habari nyingine. Niletee kipima mkondo kilichokaa majini mwezi mzima, bamvu na maji mafu, ndo tuongee.

Na wale wa kunakili faili la mfano la Bahari ya Kaskazini huko Ulaya, hebu badilisheni latitudo jamani. Kule, nyuzi 55 kaskazini, maji yanapinda kulia kwa sababu dunia inazunguka, na kumaliza duara moja ni kama saa 14 na nusu. Hapa nyuzi 4 kusini yanapinda kushoto, polepole, duara linachukua siku 7. Alama moja ya kutoa mbele ya latitudo ukiisahau, bahari nzima imegeuka mkono.

Kukagua mkondo kwa satelaiti? Ile inayopima usawa wa bahari ikikaribia nchi kavu inachanganyikiwa, kilomita za mwisho hapo ndo haziaminiki, na rafu yetu yote iko humo humo.

Kijana juzi kaniandikia tena, sasa anataka mita 50. Nimemjibu aje Jumamosi alfajiri Tudor, avae kofia, tunatoka na maji yakiwa yamejaa tukapime kina cha mlango wa mwamba wa Nyali, kwenye GEBCO yake hapo hakuna mlango. Bildi, kamba yenye risasi ya kupimia kina, ninayo. Petroli ya boti ni juu yake.