Kompyuta ya Zamani Bila Sauti: Usiulize Jina la Kompyuta, Uliza Namba ya Chipu

Mwalimu mmoja mstaafu aliingia kibandani kwangu Ngamiani, hapa Tanga, nyuma yake kijana kabeba kompyuta ya mezani iliyofunikwa kanga.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Nimekuletea bubu."

Bubu mwenyewe ni Pentium 4 ya kuunga, ile ya mtu kununua kava huku, mazabodi (bodi kuu inayobeba chipu zote) kule, kisha fundi akaviunganisha. Miaka yote ilikuwa na Windows XP, na kazi yake kubwa ilikuwa kupiga taarabu ambazo Mwalimu alizihamisha kutoka kwenye CD zake moja baada ya moja. Virusi vilipozidi, akampa kijana mmoja aipige Windows 7. Ikarudi safi, nyepesi, na kimya. Aliporudi kulalamika akaambiwa spika zimekufa, anunue nyingine. Akanunua. Kimya kile kile.

Kabla ya yote nilichomoa waya wa spika nikauchomeka kwenye simu yangu. Zikalia, mpya na za zamani pia. Kipimo hiki ni cha nusu dakika na ni cha bure, kwa hiyo sijui kwa nini mafundi wengi wanakiruka. Spika zikiwa nzima, angalia na tundu lenyewe. Nyuma ya kompyuta sauti inatokea kwenye tundu la kijani. La waridi ni la maikrofoni, na la buluu linaingiza sauti kutoka kwenye redio au kifaa kingine. Nimeshawahi kupokea kompyuta iliyosafirishwa kutoka Muheza ambayo ugonjwa wake wote ulikuwa waya kuchomekwa kwenye tundu la waridi.

Kwa Mwalimu waya ulikuwa mahali pake. Chini kulia kwenye skrini, alama ya spika ilikuwa na X nyekundu, na ukiigusa kwa mshale inasema hakuna kifaa cha kutoa sauti. Hapo ndipo habari ya dreva, programu inayounganisha Windows na kifaa, inapoanza. Vitabuni utakuta "kiendeshi", lakini vibandani sote tunasema dreva, na kwa kweli kazi yake ni ya mkalimani kuliko ya udereva. Windows haijui lugha ya chipu ya sauti, na chipu haijui lugha ya Windows. Bila mtu wa kati, kila mmoja anakaa kimya upande wake.

Kwa nini XP ilisikika na Windows 7 haisikiki, wakati vyuma ni vile vile? Mwaka 1997 Intel walitoa utaratibu wa sauti unaoitwa AC'97, na kwa miaka kadhaa karibu kila mazabodi ikaufuata. Mwaka 2004 wakatoa mwingine, HD Audio, ambao hauelewani kabisa na ule wa kwanza. Windows Vista ilipofika madukani Januari 2007 ilikuja na dreva ya jumla ya HD Audio ndani yake, na Windows 7 ikarithi hiyo. Wenye AC'97 wakaachwa wajitafutie. XP nayo ilitoka Oktoba 2001, kabla HD Audio haijazaliwa, kwa hiyo hali yake ni kinyume. Mashine ya mwaka 2003 ikivishwa Windows mpya inanyamaza, na mashine ya mwaka 2007 ikirudishwa kwenye XP inanyamaza vile vile. Kesi nyingi za sauti ninazoletewa zimekaa kwenye mpaka huo wa vizazi viwili, na ukishajua uko upande gani, nusu ya kazi imekwisha.

Kujua upande hakuhitaji kufungua kava. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika devmgmt.msc, kisha Enter. Litafunguka dirisha la orodha ya vifaa vyote, na visivyo na dreva vinakuwa na alama ya njano. Ukikuta "Multimedia Audio Controller" ya njano, mara nyingi huyo ni AC'97. Ukikuta "Audio Device on High Definition Audio Bus", huyo ni HD Audio ambaye njia yake ya mawasiliano imetambulika lakini chipu bado. Kwenye XP unaweza kukuta "PCI Device" tupu, na mara nyingi huyo ni HD Audio ambaye hata njia yenyewe haijatambulika. Usipoona chochote cha sauti, si chenye njano wala kisicho nayo, zima mashine uingie Bios (ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya Windows) uangalie kama sauti ya mazabodi imezimwa huko. Watu huizima walipoweka kadi ya sauti ya pembeni, kadi ikafa ikatolewa, na hakuna aliyekumbuka kuiwasha tena.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Mteja na hata fundi akifika hapa, anakimbilia intaneti na kuandika jina la kompyuta, kisha neno dreva, kisha neno bure. Anachokipata ni lundo la kurasa zenye vitufe vikubwa vya kijani. Programu ya kwanza inadai kukagua mashine yote, inakuonyesha dreva arobaini "zilizopitwa na wakati", halafu inaomba pesa. Bando limekwisha, na kompyuta iliyokuwa bubu sasa ina virusi pia. Jina lililobandikwa kwenye kava halisaidii sana, maana mtengenezaji mmoja anaweza kubadilisha chipu katikati ya toleo lile lile. Kompyuta ya kuunga kama ya Mwalimu ndiyo haina jina kabisa.

Iulize mashine yenyewe. Kwenye ile alama ya njano bofya kulia, chagua Properties, nenda Details, kisha kwenye kisanduku cha juu teua Hardware Ids. Kwa Mwalimu nilikuta mstari ulioanza hivi: PCI\VEN_8086&DEV_24D5. Tarakimu nne za baada ya VEN ni kabila la chipu, yaani kampuni, na 8086 ni Intel, namba waliyoichukua kutoka kwenye prosesa yao ya mwaka 1978, majigambo ya wahandisi. 10EC ni Realtek, 11D4 ni Analog Devices, 1106 ni VIA. Nne za baada ya DEV ni jina la mwenyewe. 24D5 ni kidhibiti cha AC'97 kilichomo kwenye chipu ya Intel iitwayo ICH5. Ukikuta 27D8, hiyo ni ICH7 na sauti yake ni HD Audio. Mbele kidogo kuna SUBSYS yenye tarakimu nane, na nne za mwisho zinamtaja aliyeunda mashine au mazabodi: 1028 ni Dell, 103C ni HP, 1043 ni ASUS. Kwa mashine za kampuni kama hizo, tarakimu hizo ndizo zinazokuambia uanzie kurasa za nani.

AC'97 ina mtego mmoja. Namba unayoiona ni ya kidhibiti tu, yaani ya Intel. Chipu inayogeuza tarakimu kuwa sauti imekaa nyuma yake na inaweza kuwa ya kampuni nyingine kabisa, na huyo ndiye unayemtafutia dreva. Kwa HD Audio ni rahisi zaidi, kwa sababu namba yenyewe inamtaja: HDAUDIO\FUNC_01&VEN_10EC&DEV_0662 maana yake ni Realtek ALC662, huna haja ya kuuliza zaidi. Kwa AC'97 nachukua bisibisi.

Nilichomoa waya wa umeme, nikafungua kava, nikapuliza vumbi. Karibu na matundu ya sauti, tafuta kichipu cha mraba chenye miguu 48, kumi na miwili kila upande, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Maandishi yake hayasomeki kwa macho ya umri wangu, hivyo namulika tochi kwa pembeni na kupiga picha kwa simu, kisha naikuza. Pale palikuwa na kaa. Ndiyo, kaa wa baharini, nembo ya Realtek, na chini yake ALC655. Hapo sikuwa na la kubahatisha tena.

Dreva ya Realtek AC'97 kwa Vista na Windows 7 ni ile ya toleo 6305. Ya XP ni A4.06. Ile ya Windows 7 niliipakua kwa simu nikaihamisha kwa flashi. Usihangaike kutumia kompyuta yenyewe. Vivinjari vyake vya zamani vinakataliwa na tovuti nyingi za leo, na Windows 7 haijapata marekebisho ya usalama ya kawaida tangu 14 Januari 2020, XP tangu 8 Aprili 2014. Angalia pia kama Windows yako ni ya biti 32 au 64. Dreva ya moja haiingii kwenye nyingine, na Windows 7 ya biti 64 inaikataa dreva isiyo na saini ya kidijiti. Kitu kingine: ukiwa na CD ya mazabodi, weka kwanza dreva za chipseti (chipu kuu za mazabodi), sauti ifuate. Na kama ni HD Audio kwenye XP yenye Service Pack 2 (kifurushi chake cha pili cha marekebisho), kabla ya dreva ya chipu unahitaji nyongeza ya Microsoft ya KB888111, ambayo ndiyo inayoitambulisha ile njia. Mara nyingi imewekwa ndani ya kifurushi cha dreva, kwa hiyo angalia folda kabla ya kuitafuta kwingine.

Kwa Mwalimu kisakinishi kilimaliza, nikazima nikawasha. X nyekundu ikaondoka. Nikapiga wimbo. Kwenye dirisha la sauti mistari ya kijani ikapanda na kushuka vizuri kabisa. Spika kimya.

Mwalimu akanitazama. Mimi nikatazama mazabodi.

Mistari ikicheza, dreva imeshafanya kazi yake, na mara nyingi tatizo liko kwenye njia ya waya. Kwenye mazabodi nyingi za AC'97 kuna kijisitu cha pini kilichoandikwa F_AUDIO au FP_AUDIO, nafasi kumi lakini pini tisa, ya nane haipo. Hapo ndipo waya wa matundu ya mbele ya kava unapochomekwa. Mashine isipokuwa na matundu ya mbele, pini ya 5 na ya 6 zinatakiwa ziunganishwe kwa kijikofia kidogo tunachokiita jampa, na ya 9 na ya 10 vivyo hivyo, moja kwa sauti ya kulia na moja kwa ya kushoto. Sauti inapita hapo kwanza ndipo iende nyuma. Jampa zikitoka, tundu la kijani linakufa hata dreva iwe ya dhahabu. Kava la Mwalimu halikuwa na matundu ya mbele, na pini zilikuwa uchi. Aliyesafisha vumbi kabla yangu alivipeperusha vikofia, au alivitoa akidhani havina kazi.

Sinunui jampa. Diski kuu za zamani za IDE zina vikofia hivyo hivyo nyuma yake, na nina kopo la maziwa limejaa diski zilizokufa. Nikang'oa viwili, nikavikandamiza kwenye 5 na 6, 9 na 10. Sauti ilitoka kwa nguvu hadi mama wa chapati wa jirani akachungulia.

Kama ningekuwa bado na shaka baada ya dreva, ningewasha mashine kwa flashi yenye Linux ndogo (mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta), bila kugusa Windows. Linux imebeba dreva za AC'97 na HD Audio ndani yake, na amri ya lspci -nn inataja kila chipu kwa namba zile zile. Ikilia kwenye Linux, vyuma ni vizima na kosa ni la Windows. Isipolia, fungua kwanza alsamixer, programu ya Linux ya kurekebisha sauti: ukiona MM chini ya mstari maana yake umefungwa, bonyeza M ufunguke. Ikiwa bado kimya, rudi kwenye vyuma. Na chipu ikiwa imeungua kweli, usibadilishe mazabodi kwa ajili ya sauti. Kadi ndogo ya sauti ya USB, saizi ya kidole, inatambuliwa na XP na Windows 7 bila dreva ya ziada.

Mwalimu aliuliza kama siku akipigiwa Windows tena atarudi hapa hapa kuanza upya. Nikamtengenezea folda kwenye D, nje ya eneo linalofutwa, nikaweka dreva ile ndani. Kisha kwa kalamu ya wino mzito nikaandika upande wa ndani wa kava: ALC655, 24D5, Windows 7 biti 32, jampa 5-6 na 9-10, usitoe. Akasoma, akachukua kalamu mkononi mwangu, akaongeza alama ya mshangao baada ya "usitoe".