Mvuke hauondoi kila kitu: maji na vifaa vya upasuaji wa njia ya mkojo

Baba atafanyiwa upasuaji wa tezi dume hapa Mwanza. Vifaa si vinapigwa mvuke? Maji ya kuvioshea yana neno gani tena?

Yana neno kubwa. Otoklevu, ule mtambo wa mvuke, huua vijidudu kwa nyuzi 121 kwa dakika 15 au zaidi, au nyuzi 134 kwa dakika chache. Lakini kuua si kuondoa. Baadhi ya bakteria wa kwenye maji wakifa huacha vipande vya ganda lao, na vipande hivyo ni sumu inayostahimili joto hilo. Vikiingia kwenye damu, mgonjwa hupandwa na homa na kutetemeka ingawa chombo hakina kijidudu hai hata kimoja. Tezi dume inapokwanguliwa kupitia njia ya mkojo, mishipa mingi ya damu hubaki wazi.

Maji ya bomba si yamesafishwa?

Yamesafishwa ya kunywa. Maji ya Ziwa Victoria hayana madini mengi. Birika la mtu wa mtaa wa Capri Point hapa Mwanza halishiki ukoko mweupe kama la jirani anayechota kisima cha chumvi. Hata hivyo, yakipimwa kwa uwezo wa kupitisha umeme, ambao huongezeka madini yakizidi, hufika takriban mikrosimensi 100 kwa sentimita, wakati viwango vya Ulaya vinataka maji yanayolishwa mtambo mkubwa wa mvuke yasizidi 5. Madini yanayobaki huganda kwenye chuma, na kloridi hukitoboa vishimo vidogo ambamo uchafu hujificha.

Sistoskopu nayo?

Hapo ndipo mimi ningeangalia kwanza. Huo mrija wa kuchungulia kibofu una matundu membamba, na aina nyingi hazivumilii joto la otoklevu, hivyo hulowekwa kwenye dawa kisha husuuzwa. Hakuna mvuke wa kusahihisha makosa baadaye: maji ya suuza ndiyo ya mwisho kuugusa kabla ya mgonjwa. Yakitoka kwenye simtanki la juani lisilooshwa, dawa imepotea bure. Yanatakiwa yawe yametakaswa au yamepita kwenye chujio la kuzuia bakteria.

Damu iliyobaki kwenye vifaa ioshwe kwa maji ya moto?

Hapana, ya baridi kwanza. Moto huigandisha kama yai.

Tuangalie nini baba akirudi nyumbani?

Homa, kutetemeka, mkojo kuziba au kujaa mabonge ya damu. Mrudisheni hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.