Ua hufa shingoni

Kusi ikianza kuvuma, simu ninazopigiwa ni za aina moja. "Fundi, ua umelala." Nikifika nakuta mbao nzima, misumari imeshika, rangi bado inang'aa. Nikiing'oa nguzo ndipo napata jibu: pale inapoingia ardhini, mti umeliwa ukabaki mwembamba kama mpini wa mwiko. Ncha iliyokuwa chini kabisa bado ngumu. Juu nako kugumu. Palipokufa ni pale kati tu, upana wa kiganja. Mimi hupaita shingoni.

Kuvu inayoozesha mti inataka vitu viwili, maji na hewa. Juu hewa ipo, lakini jua na upepo vinakausha. Chini unyevu upo, lakini hewa ni haba. Shingoni vyote viwili vimekutana, na mchwa hupandia papo hapo. Basi wewe unayejenga ua wako wa kwanza hapa Malindi, pesa na jasho lako vipeleke hapo kabla hujafikiria rangi.

Tuanze na mti. Wengi hapa hutumia mvinje kwa sababu unapandwa mashambani na umenyooka. Ni mti mzito, wa kazi, ila ukiuzika hivi hivi mchwa hawauachi. Ambua gome lote, maana wadudu hujificha chini yake. Ukishakauka haupendi msumari, unapasuka. Toboa kwanza kwa keekee, tundu liwe jembamba kuliko msumari wenyewe. Wazee walichoma ncha kabla ya kuzika. Sibishani nao, lakini moto ukiupasua mti, mchwa hupita kwenye nyufa.

Boriti za mikoko kutoka Lamu ndizo nizipendazo. Ndizo zilizobeba dari za nyumba za mawe kule, na urefu wake ndio uliopanga upana wa vyumba, ndiyo maana vyumba vile ni virefu na vyembamba. Kwa ua, boriti ya unene wa inchi tano hivi inatosha nguzo, na pau, zile fito nyembamba za mikoko, zinatosha za kulaza. Lakini mikoko haikatwi bila kibali. Muuzaji akianza kuzungukazunguka ukimuuliza karatasi, achana naye.

Kuna pia mikaratusi iliyotiwa dawa, ile yenye rangi ya kijani kijani. Hiyo ni nzuri, kwa sharti moja: usizike upande uliokata. Dawa haifiki kwenye kiini, kwa hiyo ukikata ncha umewafungulia mchwa mlango. Kama nguzo ni ndefu, kata juu. Na vipande vinavyobaki visiende jikoni. Dawa hiyo mara nyingi huwa na aseniki, na moshi wake ni sumu. Nilishamkuta mteja amevipanga vizuri, anangoja jioni achomee samaki.

Kabla ya kuchimba, tafuta bikoni zako, zile alama za mpaka wa kiwanja, na ukae na jirani. Mwite aone uzi ulipopita. Dakika kumi hizo ni rahisi kuliko kwenda kwa chifu. Kwa uzi mimi hutumia mshipi wa kuvulia: haulegei ukilowa. Kona ipime kwa futi tatu upande mmoja, nne upande wa pili. Mshazari ukitoa tano, kona imekaa. Na hesabu nguzo vizuri. Ua wa futi 60 wenye nguzo kila baada ya futi sita una nafasi kumi, lakini nguzo ni kumi na moja. Kila anayeanza hurudi dukani kwa ile moja.

Shimo liwe futi mbili kwenda chini, mbili na nusu kama ua unapita kimo cha kifua. Penye mchanga, mwagia maji kwanza, la sivyo kingo zinaporomoka. Ukikuta mwamba wa matumbawe, chukua mtaimbo na uwe na subira. Usifupishe nguzo ili kukwepa kazi. Chini weka kokoto inchi nne, nguzo ikae juu yake, maji yapate pa kwenda. Kosa ninalolikuta kila siku ni zege lililomwagwa kama kikombe: chini limeziba, juu limebonyea. Maji ya masika yanaingia, hayatoki, na nguzo inakunywa mwaka mzima. Ukitumia zege, liinue kidogo juu ya ardhi na ulichonge limwage maji nje. Penye udongo mzuri mimi sitii zege kabisa. Narudisha udongo shubiri moja moja, nashindilia kila tabaka.

Sasa niseme langu. Ua wangu wa kwanza niliujenga mbao zimebanana, sindano haipiti. Niliona fahari. Mzee mmoja mvuvi, jirani yetu, akapita, akausukuma kwa mkono, akaniuliza, "Mwanangu, umejenga ua au umetweka tanga?" Nilicheka. Kusi ya mwaka ule ikaulaza upande mzima usiku mmoja. Tangu hapo naacha upenyo wa kidole kati ya mbao, na ua wa makuti nausogezea nguzo ziwe karibu karibu, kwa kuwa makuti hushika upepo wote.

Mbao zenyewe ziishie inchi mbili juu ya ardhi. Ukihofia kuwa kuku watapita, ziba kwa mawe. Ule uwazi ndio utakaokuonyesha njia ya udongo ya mchwa inapopanda nguzo. Na misumari iwe ile iliyopakwa zinki. Hewa ya chumvi huimaliza ile ya kawaida, ikaacha michirizi ya kutu kwenye mbao.

Lango usilitundike siku ile ile. Iache nguzo wiki nzima ikomae. Fremu ya lango itie mshazari wa mti unaoanzia chini, upande wa bawaba, ukapanda hadi juu, upande wa komeo. Ukiugeuza, lango linainama na kuburuta mchanga.

Kila mwaka kabla ya masika, fukua udongo kidogo shingoni pa kila nguzo na uchome kwa bisibisi. Ikigonga na kukataa, rudisha udongo uendelee na shughuli zako. Ikizama kama kwenye muhogo uliochemka, nguzo hiyo imeshakwenda. Chimba shimo jipya pembeni yake kabla kusi haijaanza.