Simu ya nyumbani ikilia saa za kazi: wajibu wa mwajiri mwenye wafanyakazi wachache

Malalamiko ya namna moja yanazidi kurudi mezani kwetu maafisa kazi hapa Dar es Salaam. Muuzaji wa duka Kariakoo, msusi wa saluni Sinza au fundi wa karakana Gerezani anapigiwa simu saa nne asubuhi: mtoto ameanguka shuleni, au baba amefariki. Anaondoka. Akirudi anakuta mtu mwingine amesimama mahali pake, naye anaambiwa, "Umejifukuzisha mwenyewe."

Waajiri wengi wanaoitwa kujibu malalamiko haya si watu wabaya. Baadhi yao wamechangia jeneza la msiba huohuo wanaoulalamikia. Wanashangaa kwa dhati wanapoelezwa kwamba hakuna sheria ya mtu kujifukuzisha kazi. Naomba jambo hili lieleweke mara moja: mfanyakazi aliyetoka kwa dharura bado ni mfanyakazi wako mpaka ufuate utaratibu wa kumwachisha, na utaratibu huo nitaueleza.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, Sura ya 366, inampa mfanyakazi siku zisizopungua nne zenye malipo kwa sababu za kifamilia. Sababu zenyewe zimetajwa: ugonjwa au kifo cha mtoto wake, na kifo cha mwenza wake, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Baba aliyepata mtoto ana siku zake nyingine tatu, mradi azichukue ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Siku nne ni jumla, hata matukio yakiwa matatu, na zinahesabiwa ndani ya mzunguko wa miezi 36 ya kazi mfululizo. Wengi wanadhani ni za kila mwaka. Wengine wanadhani ni nne kwa kila msiba. Zikiisha, mnaweza kukubaliana siku za ziada, ila hizo hazina malipo.

Isome tena orodha hiyo taratibu. Ugonjwa uliotajwa ni wa mtoto tu. Mume aliyelazwa Amana, mama mzazi aliyepooza ghafla Mbagala, hawamo. Mama mkwe hayumo hata akifariki. Mama mdogo aliyemlea mfanyakazi tangu akiwa na miaka miwili hayumo, ingawa yeye mwenyewe hamwiti kwa jina jingine ila mama. Hapa ndipo waajiri wengine huja na sheria mkononi wakituambia, "Si mmesema shangazi hayumo?" Ni kweli hayumo. Lakini sheria imeweka kiwango cha chini, haijakukataza kuwa na utu. Unaweza kuandika kwenye mkataba kwamba mlezi anahesabiwa mzazi, na kwamba kumuuguza mwenza ni sababu ya ruhusa. Nawasihi mfanye hivyo, kwa sababu sijawahi kumwona mtu akibaki dukani anapima kitambaa vizuri huku aliyemlea yuko mahututi Muhimbili.

Mfanyakazi mwenye chini ya miezi sita kazini hana haki ya likizo hii yenye malipo. Hiyo haina maana kwamba umzuie mlangoni.

Kukosa mkataba wa maandishi hakumwondolei mtu haki yoyote kati ya hizi. Tumelisema miaka mingi na bado tunaletewa hoja hiyo kana kwamba ni mpya. Kuandika masharti ya ajira ni wajibu wa mwajiri, na asiyeandika hawezi kufaidika na kosa lake mwenyewe. Hali ni hiyohiyo kwa dada wa kazi za nyumbani.

Sasa ile saa yenyewe ya dharura. Kinachowafanya waajiri wakatae kutoa ruhusa mara nyingi ni hesabu: fedha ziko kwenye droo, laini ya uwakala iko mkononi mwa mfanyakazi, funguo za stoo anazo yeye. Wasiwasi huo una msingi, na dawa yake ni kupanga mapema nani anapokea. Kwenye duka la watu watatu, mmoja ajulikane kwamba ndiye anayekabidhiwa. Wahesabu fedha pamoja, wapige picha ya daftari na salio la laini, wakutumie, na aliyepatwa na dharura aondoke. Ni kazi ya dakika chache. Kama yuko peke yake, afunge duka akupigie simu. Biashara ikifungwa kwa muda wa saa tatu inauma, nalijua hilo, lakini kumlazimisha mtu asubiri mpaka utoke Kimara kwenye foleni ndiko kunakomfanya aache droo wazi na kukimbia.

Kuna maduka yanayokusanya simu za wafanyakazi asubuhi na kuzirudisha jioni. Ukichagua utaratibu huo, toa namba ya duka au yako mwenyewe ipelekwe shuleni na nyumbani kwa kila mfanyakazi, na ujumbe ukifika ufikishwe palepale. Kumficha mtu habari ya msiba mpaka saa ya kufunga ili mauzo yasisimame, nasema bila kuzunguka, ni ukatili.

Ushahidi unaruhusiwa kuudai. Sheria inasema kabla ya kulipa siku hizo mwajiri anaweza kutaka uthibitisho wa kuridhisha. Angalia maneno hayo: kabla ya kulipa, siyo kabla ya kuondoka. Karatasi ya hospitali, kibali cha mazishi, au barua ya serikali ya mtaa inatosha, hata ikiletwa akirudi. Msiba ukisafirishwa kwenda Bukoba au Songea usitegemee kuona cheti cha kifo siku ya tatu.

Fedha sasa, maana hapa ndipo makosa yanapofanyika hata na waajiri makini. Kwanza, siku hizi nne hazitolewi kwenye siku 28 za likizo ya mwaka. Likizo ya mwaka inaweza kupunguzwa kwa siku za ruhusa yenye malipo ambazo mfanyakazi mwenyewe aliziomba nje ya haki hii, basi. Pili, "faini ya kutoka" haipo. Makato ya mshahara ni yale yanayotakiwa na sheria au aliyoyakubali mfanyakazi kwa maandishi. Tatu, kama mmekubaliana kwamba saa alizokosekana hazilipwi, zihesabuni saa, msikate siku nzima. Chukua mshahara wa mwezi wa shilingi 390,000 kwa wiki ya saa 45 za siku sita. Gawanya kwa 4.333, unapata takriban 90,000 kwa wiki. Gawanya kwa 45, unapata 2,000 kwa saa. Aliyekosekana kwa muda wa saa tatu amekosa 6,000. Ukimkata siku nzima, yaani 15,000, umechukua 9,000 alizozitolea jasho.

Tuje kwa aliyetoweka kabisa. Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007, zinataja kutokuwepo kazini kwa zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa au sababu inayokubalika kuwa kosa linaloweza kumwachisha mtu kazi. Linaweza, si kwamba siku ya sita ajira inajifuta. Unapaswa kumtafuta na kuchunguza kilichotokea, kisha kumwandikia tuhuma kwa lugha anayoielewa. Unampa muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, unamsikiliza akiwa na mwenzake wa kumsaidia, na unampa uamuzi kwa maandishi wenye sababu. Ukiruka hatua hizi, ana siku 30 tangu kuachishwa kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa kujaza fomu Na. 1. Tume inaanza na usuluhishi, ambao sheria imeupa siku 30. Ukishindikana mnaingia kwenye uamuzi, yaani Tume inawasikiliza na kuamua yenyewe. Ukionekana umemwachisha isivyo halali, unaweza kuamriwa kumrudisha kazini au kumlipa fidia inayohesabiwa kwa miezi ya mshahara. Kwa biashara ndogo ya watu watatu, fidia hiyo ni mtaji. Nimeona biashara nzuri zikitetereka kwa sababu ya mtu aliyekwenda kuzika kwa siku tatu.

Jambo moja halizungumzwi vya kutosha. Sheria inakataza ubaguzi kwa misingi kadhaa, na mmojawapo ni majukumu ya familia. "Simtaki huyu, watoto wake wanaumwa kila wiki" ni kauli ya kawaida mitaani, na ukiifanya sababu ya kutoajiri au kumwachisha mtu kazi umevunja sheria. Wanaoumizwa nayo ni akina mama wanaolea peke yao, ambao shule haina mtu mwingine wa kumpigia simu.

Kwa mfanyakazi nina ombi moja. Toa taarifa, hata ukiwa umechanganyikiwa. Ukishapanda bodaboda mwandikie mwajiri ujumbe mfupi: mtoto amepelekwa Mwananyamala, funguo nimemwachia fulani, nitakupigia jioni. Ujumbe huo usiufute.