Tarakimu Nne Nyuma ya Lori

Lori la mafuta likipinduka, raia wengi huuliza mafuta yanamwagikia wapi. Sisi tulio kwenye usimamizi wa kemikali huuliza kwanza: nyuma limeandikwa namba gani?

Haraka ya kukimbilia mafuta imetugharimu vibaya katika ukanda huu. Januari 2009, Sachangwan karibu na Molo nchini Kenya, walikufa watu zaidi ya 100. Julai 2010 pale Sange, Kivu Kusini, walizidi 200. Agosti 2019 ikawa zamu yetu, Msamvu mjini Morogoro, ambako pia zaidi ya 100 walipoteza maisha. Kote huko watu walikuwa wakichota mafuta moto ulipolipuka.

Namba ninayoisema iko kwenye kibao cha rangi ya machungwa, nyuma au ubavuni mwa lori, na ni tarakimu nne zilizopangwa na Umoja wa Mataifa. Petroli ni 1203, dizeli 1202, gesi ya kupikia 1075. Mara nyingi juu yake huwa na namba nyingine fupi inayoeleza aina ya hatari: 33 maana yake ni kimiminika kinachowaka kwa urahisi mno. Ukiona herufi X imetangulia namba hiyo ya juu, maji yasiguse mzigo huo.

Anayefika wa kwanza akishaipata namba, anafungua kitabu. Kinachotumika sana duniani ni kile ambacho watu wa kazi hii hukiita ERG (Emergency Response Guidebook, yaani mwongozo wa kukabiliana na dharura), kinachotolewa na idara za uchukuzi za Marekani, Kanada na Mexico na kuhuishwa kila baada ya miaka minne. Toleo la karibuni ni la 2024. Kimetengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye haraka na wasiwasi. Kurasa za njano zimepangwa kwa namba, za buluu kwa majina ya kemikali, na zote zinakupeleka kwenye kurasa za machungwa zenye maelekezo yenyewe. Za kijani ni za umbali wa kuwaondoa watu.

Tuifuate 1203. Kurasa za njano zinakupeleka kwenye Mwongozo namba 128, ambao ni mmojawapo wa miongozo ya kurasa za machungwa. Hapo unaelekezwa utenge eneo la angalau mita 50 kila upande mara moja. Mafuta yakiwa yamemwagika mengi, fikiria kuwaondoa watu hadi mita 300 upande unakoelekea upepo. Tangi likiwa ndani ya moto, mita 800 pande zote, yaani kama viwanja vinane vya mpira vilivyounganishwa kwa urefu. Sasa mfikirie kijana anayesimama hatua kumi kutoka kwenye tangi akirekodi kwa simu.

Kuna jambo dogo kwenye kurasa hizo ambalo hata waliopata mafunzo hulipita. Hatari inayoandikwa kwanza ndiyo kubwa zaidi. Kwenye Mwongozo 128 moto umetangulia na afya inafuata. Ukifungua 125, ambao ni wa amonia (namba 1005, ile inayotumika kwenye mitambo ya barafu na viwanda vya samaki), afya ndiyo imetangulia. Kwa hiyo kabla hujasoma hata sentensi moja ya maelekezo umeshajua kama cha kuogopa zaidi ni cheche au pumzi.

Amonia hiyo hiyo inafaa kuonyesha kazi ya kurasa za kijani. Kwa uvujaji mdogo, kitabu kinataka utenge mita 30 kila upande, kisha uwalinde watu walio upande unakoelekea upepo: mita 100 mchana, mita 200 usiku. Usiku hewa hutulia, gesi haitawanyiki, inatambaa chini kuelekea majumbani kwa watu waliolala. Ndiyo maana ajali ya saa nane za usiku inahitaji eneo pana kuliko ya saa nane mchana, hata kama barabara ni tupu.

Maji nayo. Askari wa zimamoto amezoea kuyategemea, na raia akiona kitu kimemwagika hukimbilia ndoo. Lakini mzigo wenye namba 1689 ni sianidi ya sodiamu, inayokwenda kwenye migodi ya dhahabu. Ikikutana na maji, na zaidi ikikutana na asidi, inaweza kutoa gesi ya sianidi ya hidrojeni, ambayo huua kwa muda mfupi. Asidi ya salfuriki, 1830, hutoa joto kali ikichanganyika na maji na inaweza kuruka. Mizigo hii hupita barabara hizi hizi tunazopita na mabasi.

Namba ikikosekana, kibao kimeungua au dereva amekimbia na nyaraka, kitabu kinakupa Mwongozo 111 wa mzigo usiojulikana: mita 100 kila upande, na usiusogelee. Isipokuwa kama kuna alama ya baruti. Hapo ni 112 au 114.

Nisikisifie kupita kiasi. Umbali wa kurasa za kijani ni wa nusu saa ya mwanzo tu, na kitabu chenyewe ni cha barabara na reli, si cha ghala wala kiwanda. Baada ya hapo inatakiwa karatasi ya usalama ya kemikali husika na mtaalamu wa Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Tena kwenye barabara zetu gari la zimamoto haliwi la kwanza kufika. Wanaotangulia ni bodaboda, trafiki, mwenye kibanda cha chipsi. Kwa maoni yangu, nakala ikikaa kwenye gari la trafiki na kwenye mizani itaokoa wengi kuliko ile iliyofungiwa kabatini ofisini. Ipo pia programu ya kitabu hiki ya kwenye simu, na ni ya bure. Ipakue nyumbani leo, usisubiri ukiwa kando ya petroli.

Wewe raia huhitaji kukariri kitabu. Kaa upande unakotokea upepo na juu ya mteremko, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hufuata mitaro. Usiliamini tangi lililoisha mafuta, maana mvuke uliobaki ndani unaweza kulipuka. Ukishakuwa mbali, isome namba au ivute kwa kamera, kisha piga simu ya zimamoto hapa Tanzania, 114, uitaje namba hiyo pamoja na mahali ulipo, upepo unakoelekea, na kama kuna moto au majeruhi. Kama ni tangi la gesi linaloungua na ukasikia mvumo wa valvu ukipanda, au ukaona bati likibadilika rangi, acha kila kitu uondoke. Kwa tangi la gesi lililo motoni, kitabu kinataka mita 1,600 pande zote.